Mita moja, kaya sita: niliyojifunza kuhusu maji kwenye nyumba ya kupangisha

Naandika hii kwa wenye nyumba za kupangisha na wapangaji wao, hasa zile nyumba ambazo mita ya maji ni moja halafu kila mwisho wa mwezi bili inagawanywa kwa maneno makali. Nimepitia huko, na najua wengi mko huko sasa hivi, kwa hiyo mtanivumilia kwa urefu.

Nyumba yetu iko Kimara, Dar es Salaam. Ni ya marehemu baba, ina nyumba kubwa mbele na vyumba vya uani, jumla kaya sita, watu kama ishirini na wawili ukihesabu na watoto. Baba alipofariki mama akasema habari za bili na mafundi yeye haziwezi tena, nikaachiwa mimi. Nilidhani kazi itakuwa kufuatilia kodi. Kodi ndo ilikuwa rahisi, kilichonitoa jasho ni maji.

Kwa wasioijua Kimara, ni vilima na mabonde. Maji yetu yanatoka mto Ruvu, yanasafishwa mtambo wa Ruvu Juu, yanasukumwa kufuata barabara ya Morogoro mpaka kwenye matangi makubwa, halafu kutoka hapo yanatushukia. Presha ikiwa ndogo wa bondeni wanapata kwanza, sisi wa juu tunasikia hewa tu inatoka kwenye bomba, na yakija yanakuja usiku wa manane watu wamelala. Hilo tu peke yake linabadilisha maisha ya nyumba nzima, maana lazima kuwe na mtu wa kuamka, na kwenye nyumba za kupanga huyo mtu karibu siku zote ni mama fulani.

Sasa kuhusu bili. Tulianza na utaratibu aliouacha baba, kila mlango unalipa sawa. Kuna kijana wa bodaboda anaishi peke yake, anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi usiku, analipa sawasawa na familia ya watu sita iliyo ukuta mmoja naye. Alivumilia miezi mingi, siku bili ilipofika elfu kumi na sita kwa kila mlango akanifuata, "Dada, mimi maji ya kuoga asubuhi na jioni ndo nalipia elfu kumi na sita?" Sikuwa na jibu, alikuwa na haki yake.

Tukahamia kulipa kwa vichwa. Hii inaonekana ya haki mpaka uanze kuhesabu. Mgeni aliyekuja kwa wiki mbili ni kichwa? Mtoto mchanga ambaye nepi zake zinafuliwa kila siku umhesabu vipi? Mpwa aliyeletwa kusoma je? Watu wakaanza kuficha wageni, ikifika siku ya hesabu watoto wanaambiwa mkacheze nje, yani tunadanganyana tukiwa tunaishi uani kumoja. Mama mmoja anauza barafu na juisi, wenzake wakataka alipe mara mbili, yeye akasema tumekubaliana vichwa na mimi nina vichwa vinne, na kwa sheria yetu wenyewe alikuwa sahihi.

Na bili ilikuwa inapanda. Ilifika mahali uniti zinakaribia sitini kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, ambazo ni madumu hamsini ya lita ishirini, kwa hiyo uniti sitini ni madumu elfu tatu, na hakuna aliyekuwa anaweza kusema yameenda wapi. Lawama zote zikamwangukia kijana wa bodaboda kwa sababu moja tu, aliosha pikipiki yake uani mbele za watu. Matumizi ya wengine yote yalikuwa nyuma ya milango, ya kwake yalionekana, kwa hiyo yeye ndo akawa mwizi wa maji.

Halafu ikaja Oktoba 2022. Mliokuwepo Dar mnakumbuka. Mvua zilichelewa, Ruvu ikashuka, ukatangazwa mgao, uzalishaji ulikuwa umetoka lita milioni 466 kwa siku ukashuka mpaka lita milioni 300. Na mahitaji ya jiji yalitajwa kuwa lita milioni 544, maana yake hata mitambo ikifanya kazi yote tulikuwa hatutoshelezwi, ni vile tu huwa hatuhisi. Ratiba ya mgao inatolewa kwa eneo zima, lakini wa bondeni na wa kilimani hatupati sawa, siku yetu ikifika wa chini wakijaza mapipa yao kwetu yanafika kamba nyembamba au hayafiki kabisa.

Tukaanza kununua maboza, yale malori ya kuuza maji. Boza la lita elfu tano tulilozoea kulipia elfu sabini likafika laki moja na ishirini, na unalipa kabla hujajua utaletewa nini. Mara moja tuliletewa maji ya chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu, na yalishachanganyika na maji mazuri yaliyobaki kwenye tenki, tukaharibikiwa yote. Kwa hiyo sikilizeni, kabla mpira wa boza haujaingia kwenye tenki lako, chota kikombe, onja tone ulimini, weka sabuni kidogo mkononi uone kama inatoa povu, na umuulize dereva ameyachota wapi. Visima vingi Dar vina chumvi, hasa vilivyo karibu na pwani ambako kisima kikivutwa sana maji ya bahari yanasogea chini kwa chini. Pia pima tenki kabla na baada. Sisi tulichukua fito, tukaweka alama kwa kila lita elfu, unatumbukiza unasoma. Siku ya kwanza kutumia hiyo fito boza la "lita elfu tano" lilitoa kama elfu nne tu. Dereva alipoona fito alipunguza bei bila kubishana.

Waliokuwa hawana uwezo wa boza walinunua dumu kwa mia tano. Piga hesabu, madumu hamsini kwa mia tano ni elfu ishirini na tano kwa uniti moja, wakati uniti ya bombani haifiki elfu tatu. Yani aliyekosa bomba, au mwenye bomba kavu, ndo analipa bei kubwa kuliko mtu mwenye bustani na bomba linalotiririka. Hili liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu maji unayoyaacha yamwagike huku chini ndo hayo hayo yanayokosa presha ya kumfikia mwenzio huko juu.

Ikabidi tukae kikao uani, wote, na mama yangu akiwepo. Tukakubaliana tenki ni letu sote na yanachotwa kwa dumu, dumu moja na nusu kwa kila mtu kwa siku, lita thelathini. Kwa hesabu ya watu wetu lita elfu tano zinatufikisha wiki moja. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, kwa hiyo lita thelathini mtu anaishi, ila siyo raha hata kidogo, na kwa mwenye mtoto mchanga haitoshi, huyo tukamwongezea dumu moja bila kelele. Ya kunywa na kupikia yanatolewa kwanza kwa wote asubuhi, ndipo yanafuata ya kuoga na kufua.

Na hapa ndo nilipoona kitu ambacho kilibadilisha kila kitu baadaye. Zile wiki za shida kubwa ndizo zilikuwa na ugomvi mdogo kuliko miezi yote. Hakuna aliyemtuhumu mwenzie. Kila mtu aliona dumu la kila mtu. Yule mama wa barafu alisimamisha biashara mwenyewe bila kuambiwa, na mzee mmoja mstaafu anayeishi na mkewe akawa anarudisha nusu dumu kwenye pipa la wote kila jioni. Watu wale wale waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya bili.

Novemba mwaka ule ule visima vya Kigamboni vikaanza kuingiza maji mjini, lita milioni 70 kwa siku, mvua nazo zikaanza kidogo kidogo, mgao ukalegea. Bomba likarudi, bili ikarudi, na maneno yakarudi. Hapo nikaamua kila kaya iwe na mita yake.

Nieleze gharama wazi maana wengi mtauliza. Mita ndogo za nusu inchi nilinunua sita, elfu thelathini na nane kila moja. Koki za kila kaya, viungio na kazi ya fundi vikala kama laki moja na tisini. Mama alikataa kutoa, alisema baba aliishi miaka yote bila mamita, nikatumia hela yangu ya kikoba, na kwa kweli nililala na wasiwasi maana hiyo hela ilikuwa na kazi nyingine. Kama unataka kufanya hivi, haya ndo ya kuangalia. Mita ina mshale, lazima uelekee maji yanakokwenda, kuna mafundi wanaifunga kinyume. Ifungwe mahali mtu mzima anaweza kuisoma bila kupiga magoti kwenye tope. Kila kaya iwe na koki yake kabla ya mita, mmoja akiharibikiwa bomba usifungie nyumba nzima. Tarakimu nyeusi ndo uniti, zile nyekundu ni lita, wapangaji wengi hawajawahi kuambiwa na mtu anaona namba ndefu anashtuka. Na hizi mita ni za kwako, siyo za mamlaka ya maji, akaunti na kontroli namba inabaki moja, wewe unakusanya na kulipa. Kama uwezo upo na kila kaya inataka akaunti yake, omba maunganisho tofauti, ni bora zaidi, ila gharama yake ni nyingine.

Nyumba ya mama pia niliifungia mita. Hili nalisisitiza. Wenye nyumba wengi wanafunga mita kwa wapangaji wanajiacha wenyewe nje, halafu wanashangaa hawaaminiki. Na usiweke faida juu ya maji. Bili ikija gawanya kwa uniti, kila mtu alipe alichotumia kwa bei ile ile iliyoandikwa kwenye bili, basi. Kusoma tunasoma tarehe moja kila mwezi, jioni watu wakiwepo, mtoto wa shule mmoja anasoma kwa sauti mimi naandika kwenye daftari linaloning'inia kwenye msumari barazani, anayetaka kuhakiki ahakiki.

Mwezi wa kwanza. Mita ya getini, ile kubwa ya bili, ilisoma uniti 57. Tukajumlisha mita zote sita, uniti 34.

Uniti 23 hazina mwenyewe. Madumu elfu moja mia moja na hamsini. Watu wakanitazama mimi, kuna aliyesema mita zangu mbovu, kuna aliyenong'ona kwamba nimeficha bomba mahali. Niliumia, sitaficha. Lakini namba ile ilifanya kitu kimoja kizuri, ilimwondolea lawama kijana wa bodaboda hapo hapo, mita yake ilikuwa na uniti moja na nusu. Mama aliyekuwa wa kwanza kumnyooshea kidole alimfuata usiku ule ule akamwambia yaishe.

Tukaanza kutafuta. Kipimo cha kwanza hakina gharama yoyote na kila mtu akifanye hata leo. Chagua usiku ambao bomba linatoa, hakikisha tenki limejaa na boya, lile linaloelea ndani na kuzuia maji tenki likijaa, limefunga, funga koki zote, andika namba za mita ya getini mpaka zile nyekundu. Asubuhi kabla mtu hajafungua bomba soma tena. Ikiwa imesogea kuna maji yanatoka mahali. Kwetu kwa usiku mmoja zilikuwa zimeondoka lita mia mbili na kitu. Kwenye uso wa mita nyingi kuna kigurudumu kidogo, au kipembetatu, kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana, chetu kilikuwa kinazunguka polepole nyumba nzima imelala. Nilisimama na tochi ya simu nakitazama na nilitaka kulia.

Fundi wa kwanza alitaka kuvunja sakafu yote ya uani atafute, akataja hela ambayo siwezi hata kuiandika. Nilimwambia asubiri. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja mzee, alikuja na nondo tu na koleo. Alisubiri mpaka pikipiki zimepungua barabarani, saa nne usiku hivi, akawa anasimamisha nondo kwenye bomba pale linapoonekana, kisha kwenye ardhi hatua kwa hatua kufuata njia ya bomba, anaweka sikio kwenye ncha ya juu. Karibu na mpapai akaniita. "Sikiliza mwanangu." Nikaweka sikio kwenye chuma cha baridi, nikasikia ssssss, nyembamba, haikati. Juu ya ardhi palikuwa pakavu kabisa. Nyasi za pale tu ndo zilikuwa za kijani hata kiangazi, na mpapai ule ulikuwa unazaa tukisema ni baraka ya marehemu.

Asubuhi akachimba sehemu ile tu, hata mita moja haikufika. Lilikuwa bomba la chuma la enzi za baba, limeliwa na kutu, lina kitundu ambacho hata njiti ya kiberiti ingekiziba, lakini kinatoa maji mchana na usiku. Alishauri tusizibe, bomba lote la chuma kutoka getini mpaka kwenye tenki liondolewe, maana likishatoboka sehemu moja litatoboka na nyingine. Tukaweka la plastiki jipya, na kazi yote ilikuwa laki mbili na sitini. Maji yaliyokuwa yanapotea yalikuwa yanatugharimu zaidi ya elfu arobaini kila mwezi, kwa hiyo ile hela ilirudi kwa karibu nusu mwaka. Mwezi uliofuata pengo lilikuwa uniti mbili. Pengo dogo la namna hiyo ni kawaida, mita ndogo hazishiki tone tone.

Nimefikiria sana kuhusu kitundu kile. Kwa lugha ya wataalamu huo unaitwa upotevu wa maji, yaani maji yaliyosafishwa na kusukumwa lakini hayakulipiwa na mtu. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji nchini, huchukua asilimia 20 kama kiwango kinachoweza kukubalika kwa mamlaka za maji, na Dar kwa miaka mingi imekuwa juu ya hapo. Sisi kwenye uani mmoja tulikuwa asilimia arobaini. Kwa hiyo ninapoona bomba limepasuka mtaani watu wanaruka dimbwi wanapita, siwezi tena kupita. Napiga picha, napiga simu, nasema karibu na duka fulani au nguzo namba fulani, na nampa namba yangu fundi anipigie akipotea. Ukisubiri mwingine aripoti, naye anakusubiri wewe.

Turudi uani. Mita zilifichua na mengine. Yule mzee mstaafu na mkewe, wapole, hawana makuu, mita yao ilisoma uniti tisa, wawili tu. Mzee aliona aibu sana, akataka kulipa kimya kimya. Nikamwambia mzee wangu, ngoja kwanza. Tulichukua bluu ya kufulia kidogo tukaiweka kwenye tenki la juu la choo, tukakaa nusu saa bila mtu kuflashi. Maji ya chini kwenye sinki la choo yakageuka bluu. Mpira wa ndani ulikuwa umechakaa, maji yanapita siku nzima bila sauti. Mpira mpya ulikuwa wa elfu chache tu, mwezi uliofuata wakasoma uniti nne. Fanyeni hicho kipimo cha bluu jamani, vyoo vya kuflashi vinaiba maji kimya kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Na bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linaweza kujaza dumu zima kwa siku, na washa, kile kiraba cha ndani ya bomba, ni bei ya pipi.

Boya la tenki nalo liangalieni. La kwetu liliwahi kukwama, maji yakija usiku tenki linafurika linamwagikia nyuma ya ukuta wa jirani mpaka alfajiri, hakuna anayejua. Tulielekeza bomba la kufurikia limwage mbele ya mlango wangu, likifurika nasikia.

Kuna jambo la pampu lazima niliseme hata kama litawaudhi wengine. Mtaani kwetu kuna walioweka pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, maji yakija wanavuta. Ukifanya hivyo unawanyang'anya wa juu yako kile kidogo ambacho kingewafikia, na zaidi ya hapo bomba likinyonywa hivyo kila penye ufa linavuta uchafu kutoka nje, maji ya mitaro na ya vyoo yanaingia. Kwenye mji ambao kipindupindu kinarudi kila baada ya muda hii ni hatari kwa watoto wako mwenyewe. Njia sahihi ni maji yajae yenyewe kwenye tenki la chini, halafu pampu ivute kutoka kwenye tenki hilo kupeleka juu. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya kwanza baada ya mgao mrefu sisi hatuyanywi, tunayakinga kwenye ndoo yanapigia deki na kumwagia choo, na ya kunywa yanachemshwa au yanawekwa dawa.

Mvua ndo ilikuwa hatua ya mwisho na naona tulichelewa bila sababu. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la vyumba vya uani ni mita kumi na mbili kwa tano, mita za mraba sitini, kwa hiyo mvua ya milimita ishirini, ambayo masika ni kitu cha kawaida kabisa, inatoa lita 1,200, ukitoa zinazorukia nje na za kusafishia paa unabaki na karibu lita elfu moja. Tulifunga gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, upande mmoja tu na tenki la lita elfu moja, na lilijaa kwa mvua moja. Madumu matatu manne ya mwanzo yaacheni yaende, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayobaki tunafulia na kumwagia vyoo, na miezi ya masika uniti za bomba zinashuka sana, mama wa kufua nguo za watu ndo aliyefurahi kuliko wote. Ila funikeni. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia kwenye pipa, na anauma mchana, Dar tulipata mlipuko mkubwa mwaka 2019. Wavu mdogo wa chandarua kwenye kila tundu la tenki unatosha, na pipa lisilo na mfuniko lioshwe kwa kusugua kuta za ndani kila wiki, maana mayai yanaganda pale.

Mambo madogo tuliyokubaliana uani: maji ya suuza ya mwisho yanaenda chooni, vyombo vinaoshwa kwenye beseni siyo chini ya bomba linalotiririka, pikipiki na gari kwa ndoo na kitambaa. Hakuna faini. Daftari likiwa barazani watu wanajidhibiti wenyewe, na mtu akipanda ghafla majirani wanamuuliza kama choo chake kizima kabla ya kumuuliza kama anatumia vibaya.

Sijui hali kama ile ya Oktoba 2022 itatukuta tena lini, lakini Ruvu inaanzia milima ya Uluguru na inategemea mvua na misitu ya kule, na bwawa la Kidunda ambalo limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 ujenzi wake ulianza 2023 tu. Mpaka likamilike, akiba ya kila nyumba ni ile inayozuiliwa isimwagike.

Kwa mpangaji anayetafuta chumba, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, uliza bili ya maji inagawanywaje na uone bili ya mwezi uliopita kwa macho. Uliza maji yanatoka siku gani na saa ngapi, muulize mpangaji siyo dalali. Onja ya tenki. Ingia chooni usikilize kama kuna maji yanapita bila mtu. Kisha mwombe mwenye nyumba afunge koki zote akupeleke kwenye mita. Ikiwa bado inazunguka, mwambie kwa heshima atengeneze kwanza ndo mrudi kwenye habari za kodi.